Mtoto Huanzaje Kufikiri na Kusema? Maswali Ambayo Wazazi Huniuliza

Nimefundisha chekechea huku Eastlands, Nairobi, kwa miaka 16. Kila muhula unapofunguliwa kuna mzazi atakayenivuta kando pale langoni, aangalie nyuma kuhakikisha hakuna anayesikiliza, kisha aulize, "Mwalimu, huyu wangu kweli yuko sawa?" Maswali hayatofautiani sana, kwa hiyo nimeamua kuyaandika. Majibu nimeyapata kwa kusoma, kwa kukaa na watoto sakafuni, na kwa kulea wangu wawili. Mimi si daktari. Panapohitaji daktari nimesema.

Mtoto huanza kujifunza lugha lini?

Kabla hajazaliwa. Katika miezi ya mwisho ya mimba masikio yake tayari yanafanya kazi. Hasikii maneno waziwazi. Anasikia kama wewe unavyomsikia jirani akizungumza upande wa pili wa ukuta wa ploti: hushiki anasema nini, lakini unajua ni nani, na unajua kama amekasirika au anacheka.

Mwaka 1980, huko Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto ambao hawajamaliza siku tatu duniani chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mamake, akinyonya kwa mwendo mwingine anasikia sauti ya mwanamke mwingine. Watoto wakabadilisha namna yao ya kunyonya ili wamsikie mama. Kila nikimsimulia mama mjamzito jaribio hili, mkono wake huenda wenyewe tumboni.

Wangu ana wiki sita tu. Nimwambie nini mtu asiyeelewa?

Mwambie unachofanya. Umemweka kwenye beseni, maji ni ya uvuguvugu: "Haya, tunaosha mkono. Huu hapa. Wa pili uko wapi?" Halafu nyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu tunauliza na kujijibu papo hapo. Hesabu polepole moyoni mpaka tano huku unamwangalia. Atakukazia macho. Midomo itachezacheza. Mguu utapiga maji. Mwishowe itatoka "aaa" ndogo. Hilo ni jibu, nawe lijibu: "Kumbe! Uko huku ndani ya maji!"

Maneno bado hana, lakini anajifunza jambo ambalo maneno yote yatalisimamia baadaye: kwamba mtu akisema, mwenzake hungoja, kisha zamu hugeuka. Na ile sauti nyembamba ya kuvutavuta ambayo watu wazima huitoa wakiona mtoto, msiionee haya. Watoto wachanga huisikiliza zaidi kuliko sauti ya kawaida, na kule kuvuta irabu huwasaidia kuzitenganisha. Akina baba, hili ni lenu pia.

Anasema "bababa" siku nzima. Je, ananiita?

Bado. Kati ya miezi 6 na 10 hivi mtoto hubwabwaja: anarudiarudia silabi, bababa, mamama, dadada, akijaribu mdomo unavyofanya kazi. Neno huja pale sauti inapofungamana na mtu au kitu. Lakini mkiitikia kwa furaha kila anaposema "baba", mnamsaidia kuifunga hiyo sauti kwa mwenyewe.

Jambo moja lilinigusa sana nilipolisoma. Mwaka 1991 Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walieleza watoto viziwi waliokuwa wakilelewa na wazazi viziwi wanaotumia lugha ya ishara. Watoto wale walibwabwaja kwa vidole, kwa mpangilio uleule wa kurudiarudia, katika umri uleule. Basi hamu ya lugha iko ndani ya mtoto mwenyewe, na mdomo ni njia mojawapo tu ya kuitoa.

Baba ni Mluo, mimi ni Mkamba, majirani ni Kiswahili na Sheng, shule inataka Kiingereza. Si tutamchanganya?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu halijabadilika: hamtamchanganya.

Ubongo wa mtoto umekuja tayari kwa kazi hii. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, wakiwa Kanada, walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliozaliwa kwenye nyumba za Kiingereza huweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazitambui kabisa. Wakifika miezi 10 hadi 12, uwezo huo umepungua sana. Wale wa nyumba za Kihindi bado wanao. Maana yake, katika mwaka wa kwanza mtoto anazikaza zile tofauti anazozisikia kila siku na kuziachilia asizozisikia. Mtoto wa nyumba yenu akisikia Kidholuo kwa babake, atazishika zile "t" mbili za Kidholuo, ile ya ulimi kwenye meno na ile ya ulimi kwenye ufizi, bila kufundishwa. Mimi nilijaribu nikiwa na miaka 30, na wenzangu wa Kisumu wakaniambia nipumzike.

Atachanganya, ndiyo. Atasema "Nataka pi", Kiswahili mbele na Kidholuo nyuma. Wazazi hushtuka, lakini ukitazama vizuri utaona anatumia neno analolijua pale asipolijua jingine, na sarufi ameipanga sawasawa. Watu wazima wa Nairobi hufanya hivyohivyo kwenye matatu asubuhi nzima. Akifika miaka mitatu, wengi huwa wanajua tayari ni nani wa kuambiwa kwa lugha gani. Na mkihesabu maneno yake, hesabuni ya lugha zote pamoja. Mtoto mwenye maneno 20 ya Kiswahili, 15 ya Kikamba na 15 ya Kidholuo ana maneno 50. Akipimwa kwa Kiswahili peke yake ataonekana amechelewa, na si kweli.

Ninachokiogopa ni kitu kingine. Ni mzazi anayeiacha lugha anayoiota na kujilazimisha kumlea mtoto kwa Kiingereza ambacho hakimtoki vizuri. Mazungumzo yanakonda. Yanabaki maagizo: kaa, kula, acha, njoo. Kuna baba mmoja aliyekuwa akimleta binti yake kila asubuhi, mtu mpole, na kwa mwezi mzima sikumsikia akimwambia chochote zaidi ya amri tatu nne za Kiingereza. Siku moja simu ikalia, akapokea kwa Kidholuo. Nadhani alikuwa mamake nyumbani. Akaanza kusimulia, mikono ikapanda, akaiga mtu anayeanguka, akacheka mpaka akaegemea lango. Binti alimtazama babake mdomo wazi kana kwamba ndiyo siku wanakutana. Simu ilipokatika nilimwambia, "Baba, hiyo hadithi mwambie huyu, kwa lugha hiyohiyo."

Kiingereza kitakuja, shule iko kwa kazi hiyo. Sera ya elimu ya Kenya yenyewe, tangu miaka ya 1970, inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo shule ilipo, na kwa mitaa mingi ya Nairobi hiyo ni Kiswahili. Sheng nayo si sumu. Ni lugha ya wenzake, na ataihitaji kucheza. Ila isiwe ndiyo peke yake anayosemeshwa.

Tunapoongea maneno yanafuatana bila kupumzika. Mtoto anajuaje neno moja linaishia wapi?

Anahesabu, bila kujua kwamba anahesabu. Mwaka 1996 Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi kwa dakika mbili, sauti bapa bila vituo: bidakupadotigolabubidaku… Ndani yake kulikuwa na "maneno" ya kubuni ya silabi tatu tatu. Baada ya dakika hizo mbili watoto walitofautisha "bidaku", ambayo silabi zake hufuatana daima, na silabi zilizokutana kwa bahati tu. Miezi 8, dakika mbili!

Nadhani Kiswahili kinamsaidia mtoto zaidi, kwa sababu mkazo wetu karibu daima hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: kitAbu, mwalImu, sufurIa. Sikio likishaizoea hiyo ngoma, linajua neno liko karibu kwisha.

Ana miaka miwili, anasema "taka uji" badala ya "nataka uji". Nimrekebishe?

Mtafiti Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, na mwaka 2005 akachapisha kitabu kuhusu walichosema. Chukua neno "anataka". Kuna a- ya mtendaji, -na- ya wakati, -tak- ambao ni mzizi, na -a ya mwisho. Watoto aliowasikiliza waliviangusha sana vile viambishi vya mbele. Irabu ya mwisho hawakuiangusha. Mtoto wa Nairobi atasema "nataka" akimaanisha "anataka", atasema "taka", lakini hutamsikia akisema "tak". Kwa hiyo kukosea kwake kuna utaratibu. Anajua sehemu gani ya kitenzi cha Kiswahili haiwezi kukosekana, na zilizobaki anaziongeza moja moja.

Baadaye huja makosa ya kupendeza zaidi. Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu alikuja akijipangusa uso: "Mama, majicho yangu yanawasha." Nikasimama. "Majicho" hakulisikia kwangu wala kwa mtu yeyote nyumbani. Alilitengeneza: jina, majina; jani, majani; basi jicho, majicho. Jino likawa majino. Miezi michache nyuma alikuwa akisema "macho" vizuri, kama neno alilolikariri. Sasa alikuwa ameikamata kanuni, akaitumia hata pale Kiswahili kinapokataa. Jean Berko alilionyesha jambo kama hili kwa watoto wa Kiingereza mwaka 1958 kwa maneno ya kubuni, na watoto wakaweza kutoa wingi wa maneno ambayo hawajawahi kuyasikia.

Usimwambie "si hivyo". Nilimjibu, "Eh, macho yanawasha? Hebu nione hayo macho. Jicho gani, la huku?" Akasikia umbo sahihi mara mbili na mazungumzo hayakukatika. Kwa wiki kadhaa alishikilia majicho yake, kisha yakapotea, nikayakumbuka kwa huzuni kidogo.

Je, mtoto anafikiri kabla ya kuwa na maneno?

Anafikiri sana. Jean Piaget wa Uswisi, aliyeandika mengi kutokana na kuwatazama watoto wake watatu, aliona kwamba mtoto wa chini ya miezi 8 hivi hakitafuti kitu kikifunikwa. Jaribu mwenyewe. Mwonyeshe kijiko, kifunike kwa leso mbele ya macho yake. Wa miezi 5 anaangalia pembeni kana kwamba hakuna kilichokuwepo. Wa miezi 9 anaivuta leso. Kisha mfanyie hili: kifiche mara tatu chini ya leso ya kushoto, akipate kila mara, halafu kifiche chini ya ile ya kulia huku anaona. Wengi wa umri huo watarudi kushoto. Nimelifanya na watoto wa majirani na bado hunishangaza, jicho limeona, mkono unaenda kulikozoeleka.

Piaget alidhani yule mdogo anaamini kitu kimekwisha kabisa. Waliomfuata walibuni njia ya kuuliza bila kuhitaji mikono: pima mtoto anakodoa macho kwa muda gani. Mwaka 1985 Renée Baillargeon na wenzake waliwaonyesha watoto wa miezi 5 ubao ukiinuka na kulala kupita mahali palipofichwa sanduku, jambo lisilowezekana sanduku likiwapo. Watoto waliukodolea macho muda mrefu zaidi. Walijua sanduku lipo. Mwaka 1992 Karen Wynn akaonyesha kwamba watoto wa miezi 5 hukodoa zaidi mwanasesere mmoja akiongezwa mwingine nyuma ya pazia kisha pazia likifunguliwa abaki mmoja tu. Hawawezi kuhesabu kwa mdomo, lakini moja na moja kubaki moja wanaona kuna kasoro.

Kwa hiyo mtoto anapodondosha kijiko kutoka kwenye kiti mara ya kumi, nawe unaokota mara ya kumi, mgongo unauma, naelewa. Lakini anauliza swali: kikidondoka kinaenda wapi, kinalia vipi, na je, mama atakirudisha tena?

Ananyoosha kidole kila kitu na haongei. Ni uvivu?

Kidole ni neno lake. Huanza karibu na mwaka mmoja, na humfurahisha sana mwalimu kuliona. Tofautisha mawili: kidole cha "nipe" na kidole cha "ona!" Cha pili ndicho kizito. Mtoto anaelekeza paka juu ya mabati, kisha anageuka kukuangalia kama umeona. Hataki paka. Anataka ninyi wawili muwe na paka mmoja akilini. Ukisema "Ee, paka! Amepanda juu," neno linaingia wakati ambapo mlango uko wazi kabisa.

Simu na katuni zinamfundisha Kiingereza. Kuna ubaya gani?

Kwa mtoto wa mwaka mmoja hazimfundishi, hilo limepimwa. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, waliwachukua watoto wa miezi 9 wa nyumba za Kiingereza. Kundi moja lilicheza na kusomewa na mtu wa Kichina kwa vipindi 12. Jingine lilipata Kichina kilekile kwa video. Jingine kwa sauti tu. Waliokuwa na mtu walizitambua sauti za Kichina. Waliotazama video na waliosikiliza sauti hawakupata chochote. Kioo hakikuangalii, hakisubiri zamu yako, hakioni kidole chako kimeelekea wapi.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku, pungufu ikiwa bora. Najua maisha ya hapa. Unaishi chumba kimoja, jiko linawaka, mtoto ametambaa kuelekea sufuria, unampa simu ili asiungue. Sikulaumu kwa dakika hizo kumi. Ninachoomba ni zisigeuke jioni nzima, na ukipata nafasi umpe mwiko na sufuria tupu akae pale unapomwona, umwambie unakatakata nini.

Natoka saa kumi na moja alfajiri narudi usiku. Yaya au deikea ndiyo inamlea. Nifanyeje?

Mtazame anayemlea kabla ya kuangalia jengo. Anapomvalisha nguo anamsemesha? Mtoto akilia anamwita jina? Katika deikea ndogo za mtaani mtu mmoja huachiwa watoto wengi mno, wakanyamazishwa kwa televisheni au kwa usingizi. Uliza ni wangapi, na uingie bila taarifa. Mwambie yaya kwa heshima kwamba kuongea na mtoto ni sehemu ya kazi yake, na kwa lugha yake mwenyewe. Akiwa msichana wa Kitui, Kikamba chake ni mali.

Wewe nawe, dakika ishirini zako za usiku zinatosha kuwa na uzito mkubwa zikiwa zake kweli, simu ikiwa kwenye mkoba.

Vitabu vinasema atafanya hivi mwezi huu. Mbona wetu hawafuati?

Kwa sababu vingi viliandikwa kwa kutazama watoto wa Ulaya na Marekani. Katika miaka ya 1970 watafiti Charles Super na Sara Harkness waliishi Kokwet, jamii ya Wakipsigis hapa Kenya. Watoto wa pale walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa kiasi cha mwezi mmoja. Kutambaa hawakuwa mbele. Sababu ilikuwa wazi ukikaa nao: kukaa na kutembea walifundishwa makusudi, hata kuwekwa kwenye kashimo kadogo huku wameegemezwa nguo. Kutambaa hakuna aliyekufundisha.

Mfano mwingine ni wa kioo. Mtoto hupakwa alama usoni kwa siri, kisha huonyeshwa kioo. Watoto wengi wa Marekani wakikaribia miaka miwili hujigusa ile alama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipofanya hivyo Kenya, ni watoto wachache mno walioigusa, hata wakubwa. Wengi waliganda wakijitazama. Watafiti wenyewe hawakusema kwamba watoto hawa hawajitambui. Mtoto aliyelelewa kutulia mbele ya mgeni anatulia. Kipimo kilikuwa na mila ndani yake.

Anaongea peke yake akicheza. Ni kawaida?

Ni kawaida na ni vizuri. Lev Vygotsky, Mrusi aliyezaliwa 1896, mwaka mmoja na Piaget, aliona kwamba mtoto hutumia sauti yake kujiongoza: "Hii hapa… sasa hii… haiingii." Kwa miaka ile ya chekechea husikika, baadaye huingia ndani na kuwa fikra za kimya. Darasani kwangu mafumbo ya mbao yakiwa magumu, mnong'ono huongezeka. Siwanyamazishi.

Ana miaka minne na ameanza kudanganya. Nimekosea wapi?

Kudanganya ni lazima akemewe, lakini jua pia kilichokua. Mwambie mtoto kisa hiki: Juma ameweka mandazi kabatini, akaenda kucheza. Mama akayahamishia kwenye ndoo. Juma akirudi atayatafuta wapi? Wa miaka mitatu kwa kawaida husema ndooni, kwa kuwa yeye anajua yako ndooni. Wa miaka minne au mitano husema kabatini. Ametambua kwamba kichwani mwa Juma kuna picha tofauti na ya kwake. Heinz Wimmer na Josef Perner walifanya jaribio la namna hii mwaka 1983. Mtoto asiyejua kwamba wewe unaweza kuamini kisicho kweli hawezi kukudanganya ukadanganyika.

Anakwamakwama, na "sukari" anaita "sukali".

Ya pili subiri, sauti ya "r" pamoja na "th", "dh" na "gh" huchelewa kwa watoto wengi. Kigugumizi kinachoanza kati ya miaka 2 na 5 wengi huachana nacho wenyewe. Mwangalie machoni, msubiri amalize, usimmalizie neno. Kikizidi miezi kadhaa, au akianza kukunja uso na kukwepa kusema, mpeleke kwa mtaalamu wa matamshi.

Ni lini niwe na wasiwasi?

Asiposhtuka wala kugeukia sauti. Akifika mwaka mmoja habwabwaji, hapungi mkono, hanyooshi kidole. Miezi 16 bila neno hata moja. Miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili yake mwenyewe. Na katika umri wowote, akipoteza maneno au michezo aliyokuwa nayo, usingoje hata wiki. Baadhi ya dalili hizi huonekana kwa watoto wenye usonji, na msaada wa mapema huwafaa sana. Kijitabu chako cha kliniki kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Huwa tunafungua ule wa chanjo tu.

Mambo mawili usiyakubali haraka. La kwanza ni kukatwa ulimi kwa sababu mtoto haongei. Ulimi ulioshikwa unaweza kusumbua kunyonya au matamshi ya sauti chache, lakini mara chache sana ndio unaomzuia mtoto asiwe na maneno. La pili ni maneno haya: "Wavulana huchelewa."

Hilo la pili niliambiwa mimi. Kijana wangu alifika miaka miwili na maneno yasiyozidi manane. Kliniki niliyompeleka, mhudumu hakuinua kichwa. Aliandika, akasema wavulana huchelewa, nirudi akiwa na mitatu. Mimi mwalimu, niliyewaambia wazazi wengi wasingoje, nilingoja miezi mitano. Jioni moja kifuniko cha sufuria kikaniponyoka nyuma yake, kikalia kwenye simiti mpaka jirani akauliza kuna nini. Hakugeuka.

Alikuwa na maji nyuma ya kiwambo, masikio yote mawili, yaliyobaki baada ya mafua na maumivu ya masikio ya kila mara. Daktari wa masikio alimwekea vijibomba vidogo. Siku chache baadaye tulikuwa tunatembea njia ya kokoto, akasimama ghafla. Akaangalia miguu yake. Akapiga hatua moja, akasimama tena, akaniangalia. Alikuwa anasikia nyayo zake. Tulikaa pale kama robo saa akienda na kurudi.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya lingine lolote: apimwe masikio. Kwa tathmini ya ukuaji na ujifunzaji kuna vituo vya serikali vinavyoitwa EARC (Educational Assessment and Resource Centres), na kuna Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, pale Kasarani.

Amepimwa na ni kiziwi. Ataweza kufikiri kama wengine bila lugha?

Lugha atakuwa nayo mkimpa. Wasiwasi mkubwa ni ile miaka ya kungoja, ambapo mtoto mwenye akili timamu anakaa nyumbani bila mtu wa kuzungumza naye kwa namna anayoiona. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake. Katiba ya 2010 inaitaja, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kama atapata kifaa cha kusikia, ishara hazitamzuia kusema. Anzeni kujifunza leo, wazazi, ndugu na yaya pamoja, hata kama mikono yenu ni mizito.

Nilikuwa na binti mmoja kiziwi darasani. Mamake, muuza nguo Gikomba, alikuwa anajifunza ishara mpya kila wiki na kunifundisha mimi pale langoni: maji, choo, rafiki, tena. Nikawa nazitumia mbele ya darasa. Kufikia muhula wa tatu watoto 24 walikuwa wakiomba maji kwa mkono, na yule binti ndiye aliyekuwa akiwarekebisha vidole.